Motokari ya Watu Wawili: Tuinunue au Tuiache?

Jioni moja ya majira ya mvua kijana mmoja wa hapa Lubumbashi alitujia nyumbani. Yeye ni fundi wa umeme katika kazi za mgodi, mtu wa adabu, mwenye mshahara wa kila mwezi, na tangu miaka 6 huweka fedha kidogo kidogo. Alipokwisha kusalimu na kuketi, akatoa simu yake mfukoni akatuonyesha picha. Ilikuwa motokari nyekundu, fupi, ya chini, yenye milango miwili tu, na paa lake likishuka nyuma kama mgongo wa samaki.

Akasema: «Wazee wangu, hii ni Toyota 86 ya mwaka wa 2013. Inauzwa huko Japani, na fedha ninazo. Mama anasema nimepotewa na akili. Mchumba wangu anasema ni nzuri mno, kisha ananyamaza. Ninyi mwasemaje?»

Tuliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa watu wa umri wetu. Ni kweli, ilikuwa nzuri. Kisha tukamwambia arudi baada ya juma moja, ili tupate kulipima jambo lake pande zote mbili, kama mwenye duka apimavyo unga, bila kuweka kidole kwenye mizani. Leo twawaandikia ninyi, wasomaji wetu, yale tuliyomwambia. Tunajua kwamba si yeye peke yake anayelala akiota motokari ya namna hii.

Kwanza: motokari hii ni ya namna gani?

Katika Kifaransa motokari ya milango miwili na paa fupi huitwa coupé, maana yake «iliyokatwa». Zamani, kabla ya kuwako motokari, matajiri wa Ulaya walisafiri katika magari ya farasi yenye viti viwili vilivyotazamana. Baadaye mafundi walikata sehemu ya mbele pamoja na kiti chake, kikabaki kiti kimoja cha watu wawili. Gari likawa fupi na jepesi. Farasi waliondoka, jina likabaki. Nasi tukiliandika neno hilo kwa Kiswahili, twapata «kupe». Kila mfugaji amjua kupe: ni mdudu mdogo ajishikizaye kwenye ngozi ya ng'ombe, akanyonya polepole, na mwenye ng'ombe asione neno mpaka mnyama amekonda. Tuyaweke maneno haya mawili akilini, kukata na kunyonya, maana tutakutana nayo tena mbele.

Motokari za mwendo zilikuwa zamani vitu vya watu wachache sana. Zilipataje kumfikia mtu wa mshahara? Tarehe 17 Aprili 1964, mjini New York, kampuni ya Ford ilionyesha watu motokari yake mpya iitwayo Mustang. Bei yake ilianzia dola 2,368. Siri ya bei hiyo ilikuwa nyepesi: chini ya umbo lile la fahari walitumia vyuma vingi vya Falcon, motokari yao ya kawaida ya watu wa nyumbani. Ni kama mtu aliyeshonewa koti jipya, lakini miguu na moyo ni vile vile. Siku ya kwanza tu watu zaidi ya 22,000 waliagiza, na kabla ya miaka 2 kwisha Mustang 1,000,000 zilikuwa zimekwisha kutengenezwa. Huko Ulaya kampuni hiyo hiyo ikafuata njia ile kwa Capri mwaka wa 1969, na huko Japani Toyota wakatoa Celica mwaka wa 1970.

Hata jina la motokari ya kijana wetu latoka mahali pa kawaida. Kati ya miaka 1983 na 1987 Toyota waliuza Corolla moja ndogo yenye mwendo, ambayo mafundi waliijua kwa alama yake AE86. Ndiyo, Corolla, ndugu yake ile ambayo sote tumeipanda katika taksi! Watu wa Japani waliipenda hata ilipozeeka, wakaendelea kushindana nayo katika njia za milimani. Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo motokari iliyotoka mwaka wa 2012 ikapewa jina la 86.

Toyota hawakuitengeneza peke yao. Wanunuzi wa motokari kama hizi wamekuwa wachache, kwa kuwa watu wengi wapenda magari ya juu yenye nafasi. Basi Toyota waliungana na Subaru, wakagawana gharama. Yatengenezwa katika kiwanda cha Subaru mjini Ota, mkoa wa Gunma. Toyota huiuza kwa jina lao, na Subaru huiita BRZ. Mwaka wa 2012, huko Marekani, bei yake ilianzia dola 24,200 kabla ya gharama za kuifikisha dukani, wakati Porsche 911 mpya ilipita dola 80,000. Kwa hiyo kijana wetu hakusema uongo alipoiita motokari ya mwendo ya bei nafuu. Mwaka wa 2021 ilitoka ya pili, iitwayo GR86, yenye injini kubwa zaidi.

Upande wa mema

Tulianza na mema, kwa maana anayeanza na lawama hasikilizwi.

Jema la kwanza ni wepesi wake. Uzito wake haufiki kilo 1,300. Injini yake ya lita 2 ina mitungi 4 inayolala, miwili upande huu na miwili upande huu, wala haisimami kama katika motokari nyingine. Kwa hiyo uzito wote u chini karibu na ardhi, na motokari haiyumbi katika kona. Hugeuka mara uitakapo igeuke. Watengenezaji waliichagulia hata mipira isiyo mipana, ya namna ile iliyotumiwa pia kwa Prius, motokari ya watu wapendao kubana mafuta, kusudi dereva aonje utamu wa kuendesha bila kuhitaji mwendo wa kutisha.

Jema la pili, haina mambo mengi ya kuharibika. Injini yake haina turbo. Waweza kuipata yenye gia 6 za kubadilisha kwa mkono. Mtu anayejifunza kuendesha motokari hii vema, kwa mikono, miguu na macho, amejifunza kazi ya udereva kweli, wala si kukanyaga na kuomba tu.

Jema la tatu ni mafuta. Kwa kipimo cha kiwanda, ile yenye gia za mkono hutumia chini kidogo ya lita 8 kwa kilometa 100. Majeep makubwa ambayo wakubwa wetu hupenda kuyaegesha mbele ya baa hutumia zaidi.

Jema la nne huenda likawashangaza. Kiti cha nyuma chaweza kulazwa, na hapo panapatikana nafasi ya kuweka magurudumu manne yaliyo kamili. Anayeweza kubeba magurudumu manne aweza pia kubeba gunia la unga na sanduku la vyombo vya kazi.

Jema la tano ni furaha. Wengine watasema furaha haipimwi kwenye mizani. Sisi twasema hupimwa. Kijana aliyefanya kazi miaka 6 chini ya jua na ndani ya vumbi la mgodi, asiyekunywa fedha zake, asiyekopa kwa jirani, akipenda kitu kizuri kilichotengenezwa na mafundi hodari, hana hatia. Babu zetu walinakshi mikuki na viti vyao, ingawa mkuki usio na nakshi huua vile vile.

Upande wa mazito

Sasa tutie kwenye kopo la pili.

Zito la kwanza ni bei yenyewe. Bei aliyoiona kijana katika picha ni ya motokari iliyo bado Japani, tayari kupakiwa melini. Kutoka hapo kuna nauli ya meli hadi Dar es Salaam, malipo ya bandari, kisha safari ya nchi kavu ya karibu kilometa 2,000 kupitia Tanzania na Zambia mpaka mpakani Kasumbalesa. Hapo ndipo forodha ya Congo inapongoja, na baada ya forodha kuna namba, bima na karatasi nyingine. Wengi wamefikia mpaka na mfuko mtupu, motokari yao ikakaa uwanjani ikilipiwa siku kwa siku. Basi mtu asiseme «fedha ninazo» kabla hajaandika kila lipo mpaka ufunguo umefika mkononi mwake.

Zito la pili ni barabara. Tumbo la motokari hii liko juu ya ardhi kwa sentimita 13 tu hivi, yaani kadiri ya upana wa kiganja cha mwanaume pamoja na kidole gumba. Tazameni pia mipira yake. Imeandikwa 215/45 R17. Ninyi wanafunzi, someni hesabu hiyo: 215 ni upana wa mpira kwa milimita, na 45 maana yake ubavu wa mpira una kimo cha sehemu 45 kwa 100 za upana huo. Fanyeni hesabu, mtapata karibu milimita 97, haifiki hata sentimita 10. Ubavu huo mfupi ndio unaoifanya motokari itii usukani, na ndio huo huo unaopasuka katika shimo. Kwenye lami ya kwenda Likasi itacheka. Lakini mtaani, ambapo mvua ya Januari imekula njia na kila mwenye nyumba amejenga tuta lake, italia.

Zito la tatu ni usukani, na hili twawaomba mlisikie vema. Motokari za Japani zina usukani upande wa kuume, kwa kuwa huko watu huendesha kushoto mwa barabara. Sisi Congo twaendesha kuume. Zaidi ya hayo, kiti cha motokari hii ni cha chini sana. Sasa fikirini dereva huyo yuko nyuma ya lori la shaba katika njia ya Kasumbalesa. Ataka kulipita. Akiwa amekaa upande wa kuume, haoni lolote ila ukuta wa lori. Ili macho yake yaone njia, lazima kwanza aitoe karibu motokari yake yote katika upande wa wanaokuja. Huona baada ya kuingia hatarini, si kabla. Akiwa na mwenzake kando, mwenzake aweza kumwambia «pita» au «ngoja», lakini basi maisha yao yote mawili yako kinywani mwa mwenzake.

Zito la nne ni mwendo. Kiwanda chasema motokari hii yaweza kufika kilometa 226 kwa saa. Hatuna barabara moja inayostahili nusu ya mwendo huo kwa usalama wa waendao kwa miguu. Wanafunzi wajue tena kanuni hii: mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Ikiwa kwa kilometa 60 breki zahitaji mita 20 hivi katika lami kavu, basi kwa kilometa 120 zahitaji mita 80, na hapo hatujahesabu mita zinazopita kabla mguu haujagusa breki. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba ajali za barabarani ndizo ziuazo watu wengi kuliko sababu nyingine yoyote kati ya wenye umri wa miaka 5 mpaka 29. Hao ni watoto wetu waendao shule, na ni vijana wenyewe wanaoendesha.

Tena kijana asidhani kwamba atapata hapa nguvu zote alizosoma. Kiwanda chahesabu nguvu za farasi 200, lakini mji wetu uko juu ya bahari kwa mita 1,200 hivi, na hewa yake ni nyembamba. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu 1 kwa 100 kila upandapo mita 100. Kwa hiyo farasi kama 24 watabaki pwani, ingawa wamelipiwa.

Zito la tano ni umri wake. Motokari ya mwaka wa 2013 imekwisha kutumika miaka zaidi ya 10, na motokari ya mwendo mara nyingi imetumiwa na kijana apendaye mwendo. Mwaka wa 2018 Toyota na Subaru waliwaita wenye motokari za miaka ya kwanza ya namna hii wazirudishe, kwa kuwa springi za valvu ndani ya injini zingeweza kuvunjika. Kazi yake ni kubwa, maana injini yalala na fundi hana budi kuishusha. Anayenunua sharti aulize: je, hii ilirudishwa na kutengenezwa, na karatasi iko wapi? Hali kadhalika vipuri. Taa moja ya Corolla utaipata mjini leo kabla ya saa sita. Taa ya 86 utaiagiza ng'ambo, nawe utakwenda kwa miguu mpaka ifike.

Hapo ndipo tulipomkumbusha kijana jina la kupe. Motokari haimli mtu siku ya kununua. Siku hiyo yeye ndiye mwenye kula furaha. Humla baadaye, kidogo kidogo: mafuta bora kuliko ya kawaida, mipira ya kipimo kisichopatikana kila duka, bima, malipo ya barabara, fundi. Kila lipo ni dogo, halionekani, kama kupe mmoja. Tulimshauri aandike mambo haya yote kwa mwezi mmoja, kisha miezi 3 azitoe fedha hizo katika mshahara wake na kuziweka kando, kama kwamba motokari anayo tayari. Akiweza kuishi bila kukopa, ajua ng'ombe wake ana damu ya kutosha. Akishindwa, amejifunza bila kupoteza hata franka moja.

Kiti cha nyuma

Aliporudi kijana baada ya juma moja, alikuja na mama yake. Mama huyo ni mjane. Ana ugonjwa wa nyonga, hutembea kwa fimbo, na kila mwezi mwanawe humpeleka hospitali kwa taksi. Mjini kuna mfanya biashara mmoja mwenye motokari ya namna hiyo hiyo, tunayefahamiana naye. Tulimwomba ruhusa, tukaenda sote kuitazama uwanjani kwake.

Kijana akafungua mlango, akainamisha kiti cha mbele, akasema: «Karibu, mama, jaribu nyuma.» Mama akatazama ile nafasi. Akampa mmoja wetu fimbo yake, akashika paa, akainama. Mguu mmoja uliingia. Wa pili ulikataa. Akajaribu tena kwa kugeuza mgongo, kichwa kikagonga paa. Mwisho akatoka, akapanga kitenge chake, akacheka.

«Baba,» akamwambia mwanawe, kama mama zetu wasemavyo na wana wao, «humo wataingia kuku.»

Sote tulicheka, na kijana pia, ingawa si sana. Akasema: «Lakini wewe, mama, ungekaa mbele.»

«Nikikaa mbele, mke wako atakaa wapi? Na mdogo wako, siku ya mtihani? Na mtoto, Mungu akimjalia?»

Kijana hakujibu. Ndipo mama akasema neno ambalo sisi, pamoja na hesabu zetu zote, hatukuwa tumelijua. Akasema: «Sikukukataza, mwanangu. Fedha ni za jasho lako. Lakini ulizianza baba yako alipofariki, ukaniambia ni za kumaliza nyumba. Vyumba viwili mpaka leo havina mabati. Nilitaka tu uniambie kwa kinywa chako kwamba si za nyumba tena. Ukiniambia hivyo nitanyamaza.»

Pale uwanjani pakawa kimya. Mwenye motokari akajifanya anapangusa kioo.

Sisi tulifikiri juu ya lile neno «iliyokatwa». Fundi wa zamani alipokata gari la farasi alijua vema anakata kiti gani, na watu waliokalia kiti hicho walipanda gari jingine. Nyumba yenye magari mawili yaweza kuwa na moja lililokatwa. Mtu asiye na wa kumtegemea, au ambaye watoto wake wamekwisha kuwa na nyumba zao, aweza pia, na tusimwonee wivu. Lakini motokari ikiwa ndiyo moja tu ya nyumba nzima, kila kiti kilichokatwa ni kiti cha mtu, na mtu huyo ana jina.

Shauri letu

Basi, tuinunue au tuiache? Hatutawapa jibu moja kwa watu wote, maana mizani ya kila nyumba ina mzigo wake. Twasema hivi tu.

Ikiwa una motokari nyingine ya nyumba, au huna wa kumpeleka hospitali wala shule. Ikiwa makazi yako na kazi yako viko kwenye lami. Ikiwa umeweka kando fedha za mwaka mzima za kuitunza, mbali na fedha za kununua. Na ikiwa fedha hizo hazikuahidiwa kwa mtu, basi nunua, uiendeshe kwa adabu na uifurahie. Kati ya motokari za mwendo, hii ni ya kweli, nyepesi na isiyo na makuu. Itafute yenye usukani wa kushoto, kama zile zilizouzwa bara la Ulaya, hata ikikugharimu zaidi. Mpeleke fundi aikague kabla hujalipa, wala usinunue picha.

Ikiwa hata moja la mambo haya limepungua, ngoja. Toyota 86 za mwaka wa 2013 hazitapanda bei kwa sababu wewe umengoja. Nunua kwanza Corolla ya milango minne, umpakie mama yako. Umri wa miaka 30 si mwisho wa furaha. Sisi tulio wazee twajua, maana tuliitazama ile picha.

Na ikiwa fedha zako zilianza kwa ahadi, mwendee uliyempa ahadi kabla hujamwendea muuza motokari. Huenda atakufungua. Lakini usimfanye alijue jambo hili siku atakapoisikia honi mlangoni.

Mtatuuliza: kijana yule alifanya nini? Mpaka tunapoandika haya hajanunua. Jumamosi iliyopita tulipita karibu na nyumba yao, tukamwona juu ya ukuta pamoja na seremala, wakipigilia mbao za paa la chumba cha kwanza. Mama alikaa chini ya mwembe akihesabu misumari. Tukampigia kelele kijana, kwa utani, tukimwuliza habari za motokari yake. Akapiga mfuko wa shati lake, pale simu inapokaa, akasema: «Iko hapa, wazee. Inangoja chumba cha pili.»